Tunataka kuchora ukuta wa mtaani kuhusu udhalilishaji, tufanyeje usije ukawa wa kupigia picha tu?

kijana_wa_jangombe

Assalamu alaykum wote humu. Sie ni vijana tisa wa mtaa mmoja Jang'ombe, wanawake wanne wanaume watano, wawili ndio wanajua kuchora kweli kweli, mmoja anachora mabango ya saluni na mwengine anauza picha kwa watalii mjini, sie tulobaki ni wa kukoroga rangi na kushika ngazi. Kuna ukuta mrefu ubavuni mwa uwanja tunapochezea mpira, kama hatua arubaini hivi, mwenyewe ashatukubalia na sheha nae hana neno. Tunataka kuchora habari ya udhalilishaji wa kijinsia wa watoto kwa sababu mwaka jana mtaani kwetu limetokea jambo na likamalizwa kifamilia, mnajua wenyewe mambo hayo yanavomalizwa, watu wakakaa kibarazani wakanywa kahawa wakasema yaishe, na mtoto mpaka leo hataki kwenda chuoni kusoma Kurani.

Sasa mashaka yetu. Miaka mitatu nyuma walikuja wageni na jumuiya moja wakachora ukuta wa upande wa pili, mikono ya rangi rangi imeshikana na dunia katikati na maneno ya Kizungu, siku ya uzinduzi magari yalijaa, picha zikapigwa, wiki ya pili yake watu washaanika mazulia juu yake na hivi tunavoongea rangi imebanduka yote, ile dunia imebaki Australia peke yake. Hatutaki yetu iwe hivo. Halafu kuna maalim mmoja, mtu mzuri tu tunamheshimu, katwambia msikiti uko hatua chache pale, mambo ya kuchora sura za watu yeye hayataki. Na kubwa kuliko yote ni rangi jamani. Tulijaribu kipande kidogo kijani na manjano mzee mmoja kapita kauliza "maskani mpya hii?", yaani kijiwe cha chama, tukafuta tukatia zambarau ndio ikawa balaa zaidi. Hebu nambieni kisiwa hiki rangi gani imebaki ambayo haina chama?

Alowahi kufanya kitu kama hichi atupe njia.

fundi_wa_chokaa

Waalaykum salaam. Mie ni fundi wa kupaka, habari za sanaa sizijui lakini ukuta naujua, na huo wa Australia ulokufa naweza kukwambia umekufaje bila ya kuuona. Walikuja na rangi ya mafuta wakapaka juu ya ukuta wenye unyevu, tena pengine wakati wa masika kwa sababu tiketi zao za ndege ndio zilivosema. Maji yanapanda kutoka chini, yanataka kutoka nje, yanakuta rangi ya mafuta imeziba kama nailoni, bas yanaisukuma na chumvi yake mpaka inavimba na kubanduka. Ukikwangua hapo utakuta unga mweupe nyuma yake, ndio chumvi hiyo.

Huo wenu ni wa matofali ya saruji au wa mawe? Maana ukiwa wa mawe na chokaa kama zile nyumba za zamani usiupige plasta ya saruji hata kidogo, utauua, saruji inafungia maji ndani na jiwe linaanza kuoza taratibu. Na kama ungekuwa Mji Mkongwe huko ndio usiguse kabisa kabla hujenda kwenye Mamlaka ya Mji Mkongwe, ule mji uko kwenye urithi wa dunia tokea 2000, hupaki tu unavotaka. Nyie mko Ng'ambo mna nafuu.

Kama ni matofali, kwangueni, ogesheni ukuta kwa maji matamu sio ya chumvi, kisha uacheni. Ukipigwa plasta mpya ngojeni mwezi mzima ndio mguse. Tumieni rangi ya maji ile ya nje. Msianze Machi mkasema mtawahi, masika itakukuteni juu ya ngazi. Mimi ningengoja kusi ishike, Juni hivi, upepo mkavu, rangi inakauka vizuri.

Na ule mguu wa ukuta, kama mita moja kutoka chini, msichore kitu cha maana. Hapo ndipo unyevu unapokaa na ndipo mpira utapopiga. Pakeni chokaa tu nyeupe, waachieni watoto wachore na mkaa, kila mwaka kabla ya sikukuu mnapaka tena. Kopo la chokaa halimfilisi mtu. Ngazi ninazo mbili nitakuazimeni, lakini mzirudishe.

shoga_wa_vikokotoni

We kijana umenichekesha na rangi zako ila jibu liko kabatini kwa mama'ako. Kanga ya kisutu! Nyekundu, nyeusi, nyeupe. Hakuna chama kinachoweza kuja kusema kisutu chake, kila nyumba ipo, kila bibi harusi kaivaa, CCM kaivaa na ACT kaivaa. Chukueni na ule mpango wake wenyewe, pindo kuzunguka ukuta mzima, mji katikati, na chini yake jina, yale maneno ya kanga. Hapo na maalim mshamaliza nae, hakuna sura ya mtu wala mnyama, kuna kanga tu na kanga hata mkewe anayo.

Na hilo jina ndio kazi yenyewe, msilitunge nyie vijana mkatuletea "tokomeza udhalilishaji" kama bango la ofisi. Waiteni wanawake wa mtaa, wakubwa kwa wadogo, muwaulize kama ungekuwa unanunua kanga ya kumvalia huyo mtu apite mbele yako, ungetaka iseme nini? Utaona yatakavotoka. Mie peke yangu nimesoma ulivoandika hapo juu nikapata moja, MLOSEMA YAISHE KWANGU HAYAJESHA.

Watu wanadhani sanaa ya kudai haki ni kitu kimeletwa na mradi. Siti binti Saad mtoto wa Fumba, yule alokwenda Bombay 1928 kutia sauti kwenye santuri, aliimba kesi ya mwanamke wa watu aliyeuliwa hapa hapa mjini, muuaji akakimbia na walokwenda kutoa ushahidi ndio wakatiwa ndani. Kaiimba mpaka kila mtu kajua mahakama imefanya nini, na watu wenyewe hawajui kusoma gazeti. Ilikuwa inapigwa majumbani, sio kwenye semina.

Tena na wenzetu wa Marekani walifanya na nguo. 1987 walipokuwa wanakufa kwa ukimwi na serikali yao imenyamaza, jamaa za marehemu walishona kila mmoja kipande chake cha futi tatu kwa sita, kiasi cha kaburi, na jina la mtu wake, wakavitandika Washington kwenye uwanja mbele ya bunge lao, vipande 1,920 kwa siku ya kwanza. Hakuna alowaita wasanii. Kila mtu na sindano yake.

haambiliki

Mie nakaa pembeni lakini nataka kuuliza, ukuta utamfunga nani? Udhalilishaji hapa hauendelei kwa sababu watu hawajui, wanajua sana, tatizo ni kesi, shahidi anaambiwa na jamaa zake asende, mama anaambiwa utavunja ukoo, daktari kaitwa hakuja, siku zinapita kesi inafutwa. Nyie mtachora, mtapigwa picha, mfadhili ataandika ripoti, na yule mtu ataendelea kupita hapo hapo mbele ya kanga yenu kenda dukani kununua mkate. Samahani kama nimekuudhini lakini nimechoka na kopo za rangi.

kijana_wa_jangombe

@haambiliki hujaniudhi, wallahi hata mie nimeliuliza hilo hilo kwenye kikao chetu. Ila mfadhili hatuna, tulipewa ahadi ya rangi na watu fulani tukaambiwa lazima nembo yao iwe juu kulia na ukubwa wake wakautaja, tukawashukuru. Tunachanga wenyewe.

@shoga dada yangu umetuua na kisutu. Nimempelekea mama kasema "sasa ndio mmeanza kutumia akili".

mama_wa_watatu

Mimi kazi yangu ni ya watoto, sitasema wapi. Naomba mnisikilize hapa kidogo kwa sababu nyote mnaongea ukuta na hakuna alomtaja yule mtoto.

Huyo mtoto anakaa mtaa huo huo. Atapita hapo kila siku. Mtaa mzima unajua nani, kwa hiyo mkichora hata kama hamkutaja jina, mkiweka mtoto kainama analia pembeni, yeye atajiona yeye na wenzake watamuonesha kidole. Mmemdhalilisha mara ya pili na rangi yenu nzuri. Na hilo jina la yaishe mwanangu wa Vikokotoni ni zuri kwa kanga, lakini ukutani hapo linamsema baba yake na ami zake waliokaa kwenye kile kibaraza, watu wataligeuza kuwa ugomvi wa ukoo na mama wa mtoto ndio atakaeulizwa nani kawatuma hawa vijana.

Cha kuandika ni kitu cha kumsaidia mtu usiku saa nne hajui aende wapi. Nambari 116 ya kupiga bure kwa ajili ya mtoto, muiandike kubwa ionekane kutoka njiani. Na kwamba hospitali ya Mnazi Mmoja kuna kituo cha Mkono kwa Mkono, unamkuta daktari, polisi na mtu wa kuzungumza na mtoto pahala pamoja, na kwamba usimkoshe mtoto wala kufua nguo kabla hujafika. Nshaona kesi ngapi zimekufa kwa sababu mama wa watu kwa uchungu wake kamkosha mwanawe. Hili @haambiliki ndio linalofunga mtu, usidharau ukuta.

Na kabla ya brashi nendeni kwa mama wa mtoto, mwende wale wanawake wanne sio nyote tisa, mumuulize kama anataka. Akikataa, chagueni ukuta mwengine au jambo jengine.

shoga_wa_vikokotoni

Bi mkubwa nimekusikia na nimekubali habari ya mtoto, hapo sina neno. Lakini habari ya ami zake kukasirika mie sikubali, kanga kazi yake ndio hiyo, kusema bila kutaja. Alokaa kile kibaraza na ajue mwenyewe.

mama_wa_watatu

Kwako Vikokotoni utakuwa ushafunga mlango umelala. Yule mama ndio atakuwa macho.

mpemba_wa_konde

Yakhe mie nakupeni kisa kimoja cha huku kwetu, mtajua wenyewe mnakifanya nini. Mnajua Pemba ile miaka ya siasa kali ilivokuwa, watu hawazikani, hawaalikani, unapita dukani kwa mtu wa chama chengine unakwenda kununua sukari mbali. Kijijini kwa mama yangu ilifika mpaka wanawake hawasukani nywele. Sasa kukawa na bibi mmoja, hana cheo wala jumuiya, ni msusi wa mikeka tu, akaona kwenye misiba watu wanakaa kwenye mikeka miwili miwili, huu wa hawa na huu wa hawa. Akapita nyumba kwa nyumba akasema nataka kila nyumba inisukie ukili, ule ukanda wa kushonea mkeka, pima mbili, rangi mnayotaka wenyewe, nashona mkeka mmoja wa msibani wa kijiji.

Hapo kila mtu kasuka kwao. Wakaleta. Anataka kushona hazishonekani! Huu mpana, huu mwembamba, huyu kasuka kwa kukaza huyu kalegeza, ukiziweka pamoja mkeka unajikunja kama papa mkavu. Bibi akawarudishia wote akasema njooni msukie hapa kibarazani kwangu, kipimo ni vidole vyangu. Wakaja wamenuna. Kila mara huyu anyooshe ukili wake bibi aweke vidole, aseme punguza, ongeza, mtazame mwenzio anavoanza. Kusuka kuna raha yake, mikono ikishashika kazi mdomo haukai bure, huyu kaomba ukindu, yale majani ya kusukia, mwekundu wake umekwisha, yule kampa bila kumtazama usoni. Siku ya pili kamtazama. Mama anasema walichukua mwezi na kitu, na yule bibi yeye anajua angeweza kuwapa kijiti cha kipimo wakasuka kwao siku ile ya kwanza, hakuwapa kusudi.

Mkeka upo mpaka leo. Una pande zinajulikana huu wa nyumba fulani huu wa fulani, hauna picha wala neno, na ukitandikwa msibani watu wanakaa popote.

Kwa hivo mie fikra yangu ukuta uje mwisho. Kwanza wasukeni watu.

niko_baridini

Niko Philadelphia mwaka wa kumi na moja sasa, huku picha za ukutani ni nyingi mno, kuna mradi wa mji ulioanza 1984, ulianza kama wa kuwazuia vijana wanaochafua kuta na makopo ya kupuliza, msanii mmoja bibi Jane Golden akaenda kwa wale wale vijana akawaambia nyie si mnajua kupaka, haya njooni mpake. Leo kuta zinahesabika kwa maelfu. Cha kukupeni kutoka huku ni ufundi mmoja tu. Hawachori zote juu ya ngazi. Wanaigawa picha miraba, wanaichora kwenye kitambaa chepesi, kinapelekwa skuli, kinapelekwa hata jela, kila mtu anapaka mraba wake kwa nambari za rangi kama anafundishwa, halafu vinabandikwa ukutani kwa gundi ya rangi. Mtu asiyeweza kupanda ngazi, mgonjwa, mzee, mama mwenye mtoto mchanga, wote mkono wao umo. Nilimuona bibi wa miaka themanini na kitu anamuonesha mjukuu wake mraba wa buluu mtupu, "huo ni wangu".

Nyie mnaweza kutumia marekani, kitambaa si kipo madukani Darajani? Na jina lake lenyewe lilitoka huku, mababu zetu walikuwa wanakinunua kwa merikebu za Salem, bandari ya huku Marekani.

fundi_wa_chokaa

Marekani nje kwa hewa yetu hii? Itaota kuvu mwaka haujesha. Ndani sawa, msikitini kwenye ukumbi, skuli, sawa. Nje pakeni ukutani. Lakini ile habari ya miraba ni nzuri, pigeni miraba kwa uzi uliopakwa unga wa rangi, mnauvuta mnauachia unapiga mstari, kila nyumba ipewe mraba wake juu kidogo ya ile mita ya chokaa, ambapo mtu hahitaji ngazi. Vya juu vijana.

haambiliki

Ile ya kutomkosha mtoto nilikuwa siijui. Nitachangia kopo moja nyeusi. Msiandike jina langu popote.

kijana_wa_jangombe

Jamani samahani nimekaa kimya siku nne, tulikuwa na mambo. Wale wanawake wanne walikwenda kwa mama wa mtoto. Kakaa nao muda mrefu, hatukuambiwa yote na hatukuuliza. Alosema tuambiwe ni mawili, ukuta tuchore lakini sio ule wa uwanjani, maana mtoto anacheza pale na ndio pahala pekee anapotoka nje, tutafute wa njiani karibu na kituo cha daladala. Na nambari iwe kubwa. Sheha kaupata ukuta mwengine, ni wa matofali @fundi, una plasta ya zamani, njoo uutazame siku yoyote baada ya alasiri.

Jina la kanga bado wanagombania. Mama yangu yuko upande wa Vikokotoni, jirani yetu yuko upande wa mama wa watatu, jana nimekosa chakula cha usiku kwa sababu yao.

Ila kikubwa, nilimsomea bibi kile kisa cha mkeka. Bibi ni wa Makunduchi, alikuwa anasuka zamani akaacha macho yaliposumbua. Kanyamaza, kisha kauliza ukindu sasa hivi unauzwaje, nikamwambia sijui, asubuhi nimemkuta kaketi kibarazani na jirani yule wa upande wa pili ambao kwa kweli hawakuwa wanasemeshana tokea mambo ya kiwanja. Wamepanga waanze na nyumba kumi na mbili, ukili wa kisutu, na vijana tunakili mipango yao ukutani mmoja mmoja jinsi zinavokuja. Kaniagiza nikuulize @mpemba_wa_konde, ule ukili wenu wa kijiji ulikuwa vidole vingapi?

mpemba_wa_konde

Vinne. Lakini chagueni mtu mmoja vidole vyake ndio viwe kipimo, na asiwe mwanamme. Ukindu nitakutilieni kwenye boti Alkhamisi, mje bandarini na gunia.